Naomba Mzazi Mmoja

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Wanafunzi,

MINT: OMBI LA KUPATIWA MZAZI

Salamu kutoka Kinango, ambako mvua huahidiwa mara nyingi kuliko inavyonyesha. Nimeipokea fomu yangu mliyoirudisha tena. Safari hii nafasi ya “sahihi ya mzazi au mlezi” mmeizungushia duara jekundu, na wino hamkuuonea choyo. Asanteni.

Hali yangu ni hii. Baba alifariki, tukamzika nyumbani bila kuwaza kwamba siku moja chuo kingemtaka athibitishe kwa cheti kuwa hayupo. Mama yuko Ndavaya, mzima wa afya, na alitia dole gumba bila kusita. Karani wenu akasema dole si sahihi. Mashine za kura hulitambua dole hilo tangu 2013, lakini naelewa: kumchagua rais ni jambo jepesi, kusomea ufundi wa maji ndiko kuzito.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba ofisi yako inipatie mzazi.

Sina makuu. Awe hai, awe na kitambulisho, na aweze kuandika jina lake. Umri si hoja. Hata akiwa mdogo wangu nitamwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Akijua Kiduruma nitashukuru zaidi, maana kukaripiwa kwa Kiswahili sanifu hakuniingii vizuri. Siku ya kuripoti aandamane nami kama fomu inavyoagiza, asimame kando yangu ndoo na godoro langu vikikaguliwa, kisha aahidi kwa maandishi kwamba sitaruka ua usiku. Nikifeli aitwe ofisini, naye mke wangu angoje nje kwenye benchi ajue kama nimesamehewa. Likizo zikifika anipe nauli ya matatu ya kunifikisha nyumbani kwa wanangu. Akiziona mvi kidevuni mwangu asishtuke; watoto wa siku hizi hukua haraka. Kozi ikiisha nitamrudisha stoo akiwa katika hali njema, na nitatia sahihi daftarini, kama tulivyofanya jeshini kwa buti na blanketi.

Bajeti ikiwa finyu, binti yangu wa gredi ya tisa yuko tayari. Fomu zake za shule hutiwa sahihi na mimi. Naye atanitilia yangu. Tutaleana.

Mengine ni madogo. Barua ya tabia njema kutoka kwa mwalimu wangu mkuu wa sekondari: mzee alistaafu, naomba mnisaidie kumtafuta. Picha nikiwa nimevaa sare ya shule: fundi cherehani anauliza kaptura iishie wapi. Na pale mnaposema “eleza ulikuwa wapi tangu kidato cha nne”, mistari ni miwili. Naomba wa tatu.

Nilikuwa wapi? Oktoba 2011 nilikuwa miongoni mwa wanajeshi wa Kenya waliovuka mpaka kupitia Liboi kuingia Somalia. Siku ya kusajiliwa jeshini nilipimwa kifua, nikakaguliwa meno, nikakimbizwa uwanjani hadi nikatapika, na hakuna aliyeuliza kama mama anaweza kushika kalamu. Miaka 18 ilitosha. Sheria ya nchi hii imemhesabu mwenye umri huo kuwa mtu mzima tangu 1974, na nadhani nakala yake iko hata katika maktaba yenu. Wapo wenzetu walioanguka vitani El Adde, huko Somalia, Januari 2016. Wazazi wao waliitwa kuja kupokea masanduku, na sijasikia mama hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa sababu alileta dole badala ya sahihi. Kumbe mwana akirudi maiti, dole la mama linatosha. Akirudi hai na akitaka kusoma, halitoshi.

Niwie radhi, Mheshimiwa. Nimepaza sauti ofisini.

Nirudi kwenye kozi. Bomba la Mzima limepita Taru na Samburu tangu enzi za mkoloni likipeleka maji Mombasa. Bwawa la Mwache nalo linajengwa kwetu, na Mombasa ndiyo inayolingoja kwa kiu kubwa. Nilidhani si vibaya Kinango nayo ikapata mtu wa kujua koki inafunguliwa upande gani.

Mzazi asipopatikana, ipo dawa ya bei nafuu. Baada ya “mzazi au mlezi”, ongezeni: “au mwombaji mwenyewe, akiwa ametimiza miaka 18”. Wino nitagharimia mimi. Ila mfanye hima, kwa kuwa karani amenidokezea kwamba nikichelewa, nafasi yangu itapewa kijana ambaye mama yake alisoma. Wangu hakusoma, na hilo lisingekuwa kosa langu hata kama ningekuwa mtoto.

Wako mtiifu,
Koplo mstaafu, Kinango

Nakala: Chifu; Mama, Ndavaya (atasomewa)