Nusu Milimita ya Shemeji

Tofauti kati ya risasi ya .223 na risasi ya .243 ni nusu milimita kasoro chembe. Moja ina kipenyo cha milimita 5.7, nyingine 6.2. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue ni kitu gani kimeninyima usingizi tangu Agosti. Shemeji yangu, mume wa dada, ameamua kwamba mwaka huu atawinda kulungu hapa Texas, na mtu akiamua kuwinda Texas haanzi kumtafuta mnyama. Anaanza kutafuta risasi.

Shemeji ni mtoto wa Ilala. Mnyama pekee aliyewahi kumkimbiza maishani ni mbuzi wa Idi aliyekata kamba, na siku hiyo tulikula pilau ya kuku. Lakini ndiyo hivyo, ameendesha lori Marekani miaka mingi, amezoeana na madereva wa huku wenye kofia pana, nao wamemjaza maneno kwamba mwanamume wa Texas hanunui nyama mwezi wa Novemba. Msimu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo. Darasa la usalama wa uwindaji amekwisha kulipita, maana sheria ya jimbo inawataka waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 wawe na cheti. Amelipia pia nafasi kwenye shamba la mtu karibu na Llano, kwa kuwa Texas karibu ardhi yote ni mali ya watu binafsi na hata kichaka kina mwenyewe. Ikabaki bunduki.

"Shem," akaniambia, "wewe umekulia Songea. Haya mambo unayajua."

Niyajulie wapi? Mwindaji niliyemfahamu utotoni alikuwa na gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijiji cha pili. Kipenyo chake hakikujulikana na mtu yeyote, mhunzi mwenyewe akiwamo. Lilishindiliwa baruti, likashindiliwa kipande cha nondo, kisha sote tukarudi nyuma. Hakutokea hata mmoja wa kuuliza kama nondo ya milimita kumi inatosha kwa ngiri au tupandishe hadi kumi na mbili.

Tukaenda dukani. Jamani, ukuta mzima ni pakiti za risasi, ishirini ishirini, kila pakiti na namba yake, na namba zenyewe zilitungwa na watu wasiosemeshana. Ile .30-06 ni risasi ya inchi 0.30 iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Vema, kumbe ni tarehe. Basi .30-30 itakuwa ya 1930? Hapana, ni ya 1895, na ile 30 ya pili ni kipimo cha baruti. Ukija kwenye .22-250, ile 250 si tarehe wala si baruti, ni kumbukumbu ya ganda la risasi nyingine, .250 Savage, lililobanwa shingo likavishwa risasi nyembamba zaidi. Na .270, kipenzi cha watu tangu 1925, ukiipima unakuta ni .277. Nikamuuliza muuzaji, kijana mwenye ndevu za kutosha vijana watatu, kwa nini wasiiandike .277 tuishi kwa amani. Akaniambia ndivyo ilivyo. Hawa ndio watu wanaotuma vyombo kwenye sayari ya Mars.

Na kila mwaka wanaongeza mpya. Kijana akatuonyesha .224 Valkyrie, akatuonyesha 6mm ARC, akatuonyesha 6.5 Creedmoor ambayo wenye nayo huitaja jina hata pale ambapo hawajaulizwa. Shemeji akawa anaitikia kwa kichwa, "aha, aha," na mimi namjua, ile "aha" ya pili maana yake ameshapotea.

Mwishowe mambo yakabanwa hadi risasi mbili, kwa sababu kulungu wa huku Hill Country, upande wa Llano, ni wadogo. Wale wa kaskazini, Minnesota au Kanada, dume moja linaweza kupita kilo mia. Huku madume wengi hawafikii uzito wangu, na mimi si mnene, Mama Watoto aseme atakavyo. Kwa mnyama wa aina hiyo watu wanaona risasi nyembamba inatosha, ugomvi ukawa ni nyembamba kiasi gani. Ile .223 ni ndugu wa kiraia wa risasi ya jeshi, ile ya bunduki ya M16. Ni rahisi kwa bei, inapatikana kila mahali, na begani huihisi. Sheria ya Texas haina neno nayo. Inachokataza kwa kulungu ni zile .22 ndogo za kupigia makopo, zinazolipuka kwa kugongwa ukingoni mwa kitako. Ile .243 Winchester ilitoka 1955, na ganda lake ni la risasi nyingine, .308, lililobanwa shingo.

Hapo ndipo nusu milimita inapodanganya. Kwenye kipenyo huioni, lakini kwenye mizani inaonekana. Risasi ya kawaida ya .223 ina greni 55, yaani gramu tatu na nusu na kidogo. Ile ya .243 wanayoipendekeza kwa kulungu ina greni 100, gramu sita na nusu, na inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Kumbe mtu ananunua nusu milimita, anapewa uzito karibu mara mbili. Nilimweleza Shemeji hivyo, nikadhani kesi imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu madereva wenye kofia pana walishamwambia kwamba .243 ni bunduki ya akina mama na watoto. Kweli wengi humnunulia mtoto hiyo kwanza, kwa kuwa teke lake ni dogo, chini ya nusu ya lile la .30-06. Mimi naiona hiyo kuwa sifa. Shemeji akaiona kuwa tusi. Akaanza kuzungumzia .300 Winchester Magnum. Mtu huyu anafumba macho akifungua chupa ya soda iliyotikiswa! Ukimpa bunduki ya kumpiga teke kubwa la magnum, risasi ya kwanza itamwingiza woga, ya pili ataivuta akiwa amekunja uso na macho kafumba, na huyo kulungu atakufa kwa uzee.

Wa kumwokoa akawa jirani yangu, mzee wa Kitexas aliyewinda tangu akiwa mtoto. Alipojua tumetoka Afrika Mashariki akauliza kama tunamfahamu Bell. Tukasema hatumfahamu. Akashangaa. W.D.M. Bell, Mskoti, anayeitwa "Karamojo" kwa sababu ya Karamoja kule Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, kipenyo ambacho watu wa hapa wanakiona cha kulungu tu. Siri yake ni kwamba alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Mzee alisimulia kwa mapenzi makubwa. Mimi nilikuwa bado kwenye ile hesabu ya tembo elfu, na nikimfikiria Mkaramoja, ambaye katika biashara hiyo yote alichangia jina tu. Hata hivyo Shemeji alitulia. Kama milimita 7 ilitosha tembo, basi hata 6 inaweza kumtosha kulungu bila mtu kuvuliwa uanaume.

Kabla sijashusha pumzi Shemeji akafungua ukurasa wa sheria za kwingine. Kule Colorado risasi ya kupigia kulungu haitakiwi kupungua kipenyo cha inchi 0.24. Maana yake ukiwa na .243 wewe ni mwindaji, ukiwa na .223 ni mhalifu, na kati yenu ni ile nusu milimita. Virginia wao wameweka .23, sijui kwa kumkomoa nani, maana kati ya .224 na .243 dukani sikuona kitu. Uingereza ndio wamepitiliza. Kuna kulungu mdogo aitwaye roe. Akiwa Uskoti anaruhusiwa kupigwa kwa risasi za jamii ya .22, mradi zifikie uzito na nguvu fulani. Akivuka mpaka kuingia England, yuleyule na uzito uleule, inatakiwa kuanzia .240. Natamani kujua nani humjulisha huyo kulungu kwamba amepandishwa cheo.

Sasa, jambo lililonikera kuliko yote ni kwamba hakuna aliyetaka kuzungumzia risasi yenyewe ilivyoundwa, na hapo ndipo penye kazi. Pakiti mbili za .243 zinaweza kukaa rafu moja, namba ileile, na ndani mna vitu viwili visivyojuana. Moja ni ya kuulia mbweha wa huku na panya wa mbugani. Risasi yake imevishwa koti jembamba la shaba, nayo hupasuka vipande pale inapogusa. Kwa panya ni sawa, hakibaki cha kujadili. Kwa kulungu ikigonga mfupa wa bega inavunjikia hapohapo juu juu, mnyama anaondoka na jeraha baya, anakwenda kufia bondeni kesho yake. Nyingine imeundwa ifunguke taratibu na ishikamane huku inaingia ndani. Mtu aitwaye John Nosler alimpiga risasi mnyama mkubwa wa aina ya moose kule British Columbia mwaka 1946, risasi zikawa zinapasuka bila kufika ndani, akarudi nyumbani na hasira. Kutokana na hasira hiyo akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati. Mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima. Mpaka leo inauzwa. Huo ndio ulalamishi wenye faida, si wa kwangu huu.

Hata .243 yenyewe iliponea hapo. Mwaka uleule wa 1955 kampuni ya Remington ilitoa .244, ambayo, shika kichwa, risasi yake ina kipenyo kilekile cha .243. Wengine husema ganda lake lilikuwa zuri zaidi. Lakini ndani ya mtutu wa bunduki mna mifereji inayoizungusha risasi ili isiyumbe, na risasi nzito, kwa kuwa ni ndefu, inataka kuzungushwa kwa kasi zaidi. Remington walichonga mifereji yao kwa hesabu ya wapiga panya. Winchester walichonga kwa hesabu ya mtu anayetaka bunduki moja tu ndani ya nyumba, panya leo, kulungu kesho. Wanunuzi wakaenda kwa Winchester. Baadaye Remington wakarekebisha mifereji, na mwaka 1963 wakabadili jina, wakaita 6mm Remington, lakini wateja walikuwa wameshafika nyumbani na .243 zao.

Nilimwomba rafiki yetu Mkenya anisaidie kumweleza Shemeji haya. Akasema kwao uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na tangu hapo wanalala vizuri, akakata simu.

Na kelele zote hizi, wapendwa, ni kwa ajili ya nini? Nimekwenda kuliona hilo shamba la Llano. Kuna kibanda chenye kiti, dirisha na kishikio cha kikombe cha chai. Mbele yake, kama mita tisini, kuna pipa la mahindi juu ya miguu mitatu, na chini yake kisahani kinachoendeshwa na betri na saa. Alfajiri na jioni saa inalia, kisahani kinazunguka, mahindi yanamwagika, kulungu wanakuja. Ni halali kabisa Texas. Kwetu nililala kwenye dungu usiku kucha nikigonga debe ili wanyama wasile mahindi, leo nimevuka bahari kumwona mtu mzima anawawekea saa waje wayale. Kwa umbali huo, bunduki ikiwa imeegemezwa dirishani, mnyama ametulia ana punje mdomoni, mtu anahitaji .300 Magnum ya nini? Moyo na mapafu vimekaa nyuma ya bega, eneo la ukubwa wa sahani ya wali. Mzee jirani anasema subiri asimame ubavu, weka hapo, vuta taratibu. Anasema hata .223 hapo itafanya kazi ikiwa na risasi ya kuwindia na mpigaji asiye na haraka. Mpigaji asiye na haraka! Shemeji huyu huyu anayepiga honi kwenye foleni ya benki.

Kwa hiyo nimempa msimamo wangu kwa maandishi, kwenye simu, dada yangu akiwa shahidi. Anunue .243 na pakiti zenye risasi ya kulungu, greni 95 au 100, aende uwanja wa shabaha mpaka aache kufumba macho. Akifanya hivyo, Jumamosi ya kwanza ya Novemba nitafuatana naye, nitakaa kibandani, na mguu mmoja wa nyuma ni wangu. Akija na magnum, nitakaa ndani ya gari. Na akija na .223 yenye zile risasi za panya kwa sababu zilikuwa na punguzo, basi aje na tochi mbili na viatu vyangu vya matope, kwa maana najua ni nani atakayetumwa kichakani usiku kufuata damu.