Sifa za Potopoto la Njia ya Goma

Mlima Nyiragongo umeshasifiwa vya kutosha, na Ziwa Kivu nalo halijawahi kukosa wa kulisifu. Aliyesahaulika ni potopoto. Anayetoka Ibanda, Bukavu, kwa moto (ndivyo tuitavyo pikipiki huku, na jina halikukosea, maana safari yenyewe ni ya kwenda kuutazama mlima wa moto) atakaa nalo kutwa nzima, kilometa zipatazo 200 za kupanda na kushuka kando ya ziwa, Kavumu, Katana, Kalehe, Minova mpaka Sake. Mlima atauona saa chache mwishoni, tena mawingu yakipenda. Kwa muda peke yake, mwenyeji wa kweli wa safari ni potopoto. Lakini sifa yake kubwa haiko katika ukarimu. Iko katika ukoo.

Udongo mwekundu unaong'ang'ania tairi Bukavu na vilimani pembeni yake ni, kwa sehemu kubwa, jiwe la volkeno za kale lililoliwa na mvua miaka na miaka mpaka likalainika. Kahuzi wenyewe, unaobaki mkono wa kushoto ukielekea Kavumu, ni volkeno iliyozimika. Basi potopoto ni lava iliyozeeka. Lava kijana iko Goma: ya 1977, ya 2002, ya 2021, nyeusi, yenye makali ya kuchana viatu, haijapata umri wa kuotesha maharage ya maana. Msafiri wa moto anausoma ukoo huo kuanzia kwa babu hadi kwa mjukuu, na anausoma kwa magoti yake. Lami ingemfichia kurasa zote. Tena mzee ana adabu ambayo kijana hana. Mwaka 1977 lava ya Nyiragongo, nyepesi kama uji, iliteremka kwa kasi ambayo hakuna motari mwenye akili angeijaribu Kalehe wakati wa mvua. Ikishakuwa potopoto hutulia, ikawatuliza na wengine. Jipu ya mkubwa na moto iliyopakia watu watatu na gunia la makaa hukwama shimo moja, na mkubwa hushuka akakunja suruali. Katiba imeahidi usawa huo, potopoto limeutekeleza.

Watasema: si upande boti? Ziwa ni shwari, unafika Goma na viatu vyako visafi. Ni kweli, lakini boti inakuonyesha ziwa bila kukueleza limetoka wapi. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini; lava za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda mpaka yakajipatia mlango kusini, Ruzizi, hapa hapa Bukavu. Wenye nyumba za ufukweni Muhumba wanaifurahia mandhari kwa hisani ya volkeno, ingawa hakuna anayelipa kodi kwake. Abiria wa boti anaelea juu ya matokeo bila kukishika chanzo. Wa moto anakipeleka Goma kwenye soksi.

Pingamizi zito ni jingine. Mama mwenye uchungu anapakizwa kwenye moto kuelekea Hospitali ya Panzi, moto inazama mpaka kwenye mnyororo: nani asimame hapo asome sifa? Kwa hilo mteja wangu ana jibu. Ushuru wa barabara unalipwa vizuizini, na potopoto halijapokea hata franka moja. Mvua huanza Septemba, mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka huwakuta wenye ofisi wakishangaa. Ila kuna lile la Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, huko huko Kalehe, maji na matope yaliposhuka milimani yakaua watu zaidi ya 400. Hilo silitetei. Tope lililokaa barabarani na tope lililoporomoka juu ya nyumba ni ndugu, na wakili hachagui ndugu wa mteja wake.

Tangu waasi wa M23 wachukue Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wengi wa wanaoipita njia hii hawaendi kutazama mlima wowote. Wanatafuta chakula au wanatafuta ndugu. Potopoto halikuwauliza sababu ya safari, jambo ambalo kizuizi cha barabarani hakiwezi kujisifia. Na ukifika Goma vijana wataishusha moto ufukweni waioshe. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani humu ikitoa moshi na kuchemsha maji. Hii ya Bukavu, iliyokuja imeshika kwenye madigadi, inaingia taratibu, kidogo kidogo, na maji yanageuka mekundu kwa muda kabla ya kutakata.