Shosho Akujibu: Chai, Nabii na Kadi ya Kukwangua

Juma hili barua zimekuja na matatu ya Thika na hakuna hata moja ya mapenzi. Ruiru wanabishana kuhusu dini, Thika wanalilia kredo. Anayetaka maombi aende kwa mchungaji wake. Mimi hutoa ushauri tu, na ushauri wangu hauna zaka.

*Shosho, hujambo? Mimi ni kijana wa Kimbo, Ruiru. Mwaka jana nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaowaita Wamormoni. Sinywi pombe, sivuti sigara, na chai na kahawa nimeacha. Mwezi ujao wazee wetu wanaenda ruracio, kupeleka mahari, na nasikia mkwe mtarajiwa ameapa hatoi binti kwa mtu anayekataa chai yake. Nifanyeje?*
Mkavu wa Koo, Ruiru

Mjukuu wangu Mkavu, umechagua amri ngumu mahali pagumu. Unaishi katika mji ulioupa mbuni jina: Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na watafiti wa hapo hapo Ruiru ili ishinde chulebuni na kutu ya majani. Chai nayo ilianza kupandwa Limuru mwaka 1903, kaunti yetu hii hii ya Kiambu. Tena kahawa ililetwa nchini na watu wa Mungu: mapadre Wafaransa waliipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Miaka karibu mia ikapita, wakaja wamisionari wengine kutuambia tuiache. Mzee wa watu akichanganyikiwa, mhurumie.

Sasa sikiliza. Hiyo amri yenu, Neno la Hekima la mwaka 1833, haikukataza uji, maziwa wala kakao. Kosa la vijana mliookoka juzi ni kuingia kwa watu mkitangaza msichokunywa. Tangaza unachokunywa. Mtume shangazi yako mapema aseme, "Kijana wetu ni mtu wa uji." Mama mkwe atafurahi, maana uji ndio anaoupika kwa fahari. Katika zawadi weka sukari na majani ya chai, tena ya kutosha. Wewe ndiye uliyekatazwa, mkwe hajakatazwa. Pombe ya muratina ikifika mbele yako, ipokee kwa mikono miwili, umpe mzee aliye karibu nawe. Hakuna mzee aliyewahi kulalamika kwa kuongezewa. Na siku hiyo usihubiri! Nabii wako amengoja tangu mwaka 1830, hatashindwa kungoja mpaka mbuzi wahesabiwe.

Mkwe akishikilia msimamo, mwombe mshenga wako amnong'oneze hivi: ni wakwe wangapi Ruiru nzima wana uhakika kwamba mshahara wa mume wa binti yao hautapita baa?

*Shosho, nimechoka. Jirani yangu hapa Kihunguro akiniona na Kitabu cha Mormoni anasema kanisa letu ni la shetani, lina wake wengi, na liliwabagua watu weusi. Nimjibu nini? Au nimrushie tu hicho kitabu?*
Dada Mwenye Hasira, Ruiru

Kitabu usirushe, ni kizito na kesi itakuwa yako. Jirani amekuletea mashtaka matatu, na kila moja lina jibu lake.

La shetani ni la zamani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini. Ripoti yake ilipotolewa kwa umma mwaka 1999, ilidai kwamba waabudu shetani wamejipenyeza katika makundi kadhaa, na Wamormoni wakatajwa pamoja na Mashahidi wa Yehova. Wengi wa wajumbe wa tume walikuwa viongozi wa makanisa makubwa. Ni kama kumwuliza mwenye kibanda cha kona hii habari za unga wa kibanda cha kona ile. Na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyolitambua kanisa lenu rasmi mwaka 1991! Mkaribishe jirani Jumapili, akae kiti cha nyuma, aone watoto wakilia na wazee wakisinzia kama kwao. Akikuuliza kwa nini hekalu la Nairobi haliingiliki, mwambie ukweli: lilikuwa wazi kwa kila mtu kabla halijawekwa wakfu Mei 2025, na sasa huingia waumini wenye kibali. Ukilisema wewe ni maelezo. Akiligundua mwenyewe atalifanya siri, na siri Kihunguro huota miguu.

La wake wengi, kubali. Viongozi wenu wa kwanza, Joseph Smith na Brigham Young, walioa wake wengi, na ndoa hizo zilipigwa marufuku kwa tangazo la rais wa kanisa Wilford Woodruff mwaka 1890. Leo Mmormoni akioa wa pili anaondolewa kanisani. Sisi nasi, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inayomruhusu mume wa ndoa ya kimila kuongeza mke. Kwa hiyo wao waliacha, sisi tukaandika sheria. Mwambie jirani aanze uchunguzi nyumbani kwake, na swali la kwanza liwe: baba watoto hulala wapi Jumatano?

La watu weusi, hapo usicheke na usikwepe. Mpaka Juni 1978 mwanamume mwenye asili ya Kiafrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa lenu. Kenya ilikuwa huru miaka kumi na minne. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo likizikana zile nadharia za zamani zilizosema weusi ni laana. Usimwambie jirani "yamepita", maana hayakupita mbali. Mwambie, "Ni kweli, iliniuma nilipoisoma, na nimebaki kwa sababu hizi," kisha zitaje. Kama huna sababu za kutaja, usibishane bado. Rudi nyumbani uzitafute, kwa sababu imani inayolindwa kwa kufichwa huanguka siku jirani anaponunua data.

Na akisema ninyi si Wakristo kwa kuwa mna kitabu cha ziada na hamfundishi Utatu kama kwao, usimwite mwongo. Hiyo ni tofauti ya mafundisho na ipo. Watu wawili wanaweza kutofautiana juu ya Mungu na bado wakachangia kamba ya kuanikia nguo.

*Shosho, nina duka dogo Makongeni. Mtu alinipigia akajiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Akasema kadi mbovu zimeingia Thika, nikwangue zangu nimsomee namba azikague. Nilimsomea kadi kumi za shilingi mia. Sasa nikiziingiza zinasema zimetumika. Nani atanirudishia?*
Mama Duka, Thika

Hakuna, mwanangu, na pole sana. Umemsomea mtu shilingi elfu moja tarakimu kwa tarakimu, na yeye akawa anaandika.

Kadi ya simu yenyewe ni kipande cha karatasi tu. Pesa ni zile namba zilizofichwa chini ya rangi ya fedha. Anayezisikia ndiye anayezimiliki, na akishaziingiza kwenye laini yake safari imekwisha. Jiulize pia: kampuni iliyochapisha namba hizo ina haja gani ya kusomewa na wewe? Kila kadi ina namba nyingine ya mfululizo ambayo haikufunikwa. Hiyo ndiyo ya kumpa mtu wa kampuni kadi ikiwa na tatizo, na wewe ndiye unayempigia, si yeye.

Andika haya kwenye boksi la maziwa uyabandike dukani. Kwanza, Safaricom husema huwapigia wateja wake kwa namba moja tu, 0722 000 000. Anayepiga kwa namba nyingine akijiita wao, kata. Pili, namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 333, hulipi chochote. Tatu, mtu akikwambia ubonyeze *140* kisha kiasi na namba ya simu "ili zawadi iingie", jua hapo unamsambazia kredo yako. Nne, usitaje PIN ya M-Pesa kwa yeyote, hata anayejua jina lako lote la kitambulisho. Na wateja wako wafundishe kukagua kadi kabla ya kulipa: rangi ikiwa imechubuka au imepakwa upya, wairudishe.

Watu husema simu hizi hutoka gereza la Kamiti, na ni kweli askari magereza wameshanasa simu nyingi ndani ya seli. Lakini usimtafute tapeli gerezani tu. Mwingine yuko kwenye ngazi za fleti yako, anakusalimia kila asubuhi.

*Shosho, mimi ni muumini, naishi Ngoingwa. Saa tatu usiku nilipigiwa na mtu aliyejiita Mzee, mmisionari wa kanisa letu. Alisema amekwama Sagana peke yake, nimtumie namba za kadi ya simu ya elfu moja awapigie wakubwa wake. Alijua jina la kiongozi wetu, nikatuma. Mume wangu anasema niliibiwa, mimi nasema nilitoa sadaka. Nani yuko sawa?*
Mtoa Sadaka, Thika

Mume, ingawa najua ameshalisema mara nyingi mno. Mungu ameandika sadaka, tapeli amepata kredo, na wewe umebaki na ugomvi.

Wewe ni wa ndani, kwa hiyo ulipaswa kukijua kikosi chako. Wamisionari wenu hutembea wawili wawili, kibandiko cha jina kifuani. Aliyekwama "peke yake" alikuwa ameshajitaja. Hawachangishi pesa kwa watu. Viongozi wenu wa mtaa hawalipwi mshahara, na zaka hawaikusanyi kwa simu usiku. Kulijua jina la kiongozi si ushahidi: yeyote aliyekaa nyuma Jumapili moja amelisikia. Ungempigia huyo kiongozi kwanza, kredo yako ingalipo.

Usione haya sana. Hata Utah, Marekani, kwenye makao makuu ya kanisa, mwaka 2015 walitunga sheria ya kuyaweka hadharani majina ya waliohukumiwa kwa ulaghai wa fedha. Mwizi mjanja hupenda kuibia watu wanaosali pamoja, kwa sababu tunamwita mtu ndugu kabla ya kumwuliza yeye ni nani.

*HONGERA!!! Namba yako imeshinda sh. 50,000. Nunua kadi ya sh. 500 ya usajili, kwangua, tuma namba hapa upokee zawadi LEO. Usimwambie mtu.*
Mteja Huduma

Kijana, asante kwa kunikumbuka katika uzee wangu. Hiyo 500 ikate kwenye zile 50,000 zangu, unitumie 49,500. Nitangoja. Namba yako nimeshaituma 333, na "mtu" nimemwambia, tena gazetini.

Wajukuu, nimemaliza. Anayetaka uamini kanisa lake au jirani anayetaka ulitoke, anayekupigia akijiita kampuni au akijiita Mzee, mpime kwa kipimo kimoja: anakupa muda wa kwenda kuuliza wengine? Mwenye ukweli atasema, nenda ukaulize, urudi. Tapeli atasema, usikate simu. Habari za Wamormoni kaulizeni kwa Wamormoni, kisha msome na wanaowapinga. Habari za Safaricom kaulizeni Safaricom. Na leo jioni, kabla hamjalala, chukueni simu ya shosho yenu dakika tano mumfundishe kutuma ujumbe kwa 333.