Mutshatsha ni Rahisi

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili bila kudai nyongeza ya mshahara. Kitu cha bei ndogo ni rahisi, na jambo lisilo na ugumu nalo ni rahisi. Kosa hilo la lugha, ikiwa ni kosa, ndilo linalohamisha watu. Baba wa Kolwezi aliyechoshwa na kodi ya nyumba anasikia kwamba Mutshatsha maisha ni rahisi, analipokea neno kwa maana zote mbili, na jioni hiyohiyo anaanza kufunga magodoro.

Asilaumiwe. Kolwezi imemfanyia mengi. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa, mji huo ukawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Kisha dunia ikagundua kwamba betri za magari ya umeme zinataka kobalti, na mwenye nyumba wa Kolwezi akajifunza kuhesabu kwa dola. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa kutoka ardhi inayouzunguka mji huu, kwa hiyo hata chumba chenye bati linalovuja kinajiona jirani wa soko la London. Mshahara wa mwalimu unafika kwa faranga, kodi inamsubiri mlangoni kwa dola. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Ni sheria nzuri sana, na wenye nyumba wengi wanaiheshimu kama anavyoheshimiwa mzee wa mbali: kwa kutomsumbua.

Basi Mutshatsha. Iko magharibi ya Kolwezi, zaidi ya kilomita 100 kwa Barabara ya Taifa namba 39, ile inayoelekea Dilolo na mpaka wa Angola. Ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo, nchi ya Walunda, Wandembo na Watshokwe. Ukarimu wake unaanzia kwenye jina. Wabelgiji walilipatia herufi 10, ilhali Kiswahili kingetosheka na 8: Muchacha. Ni mahali gani pengine katika ukanda wa shaba mtu anapewa zaidi ya alichohitaji, tena bure?

Sifa ya kwanza ya mji huu ni choo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kucheka. Wa Kolwezi hatacheka. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Habari ikapita ukuta, ukuta wa pili, na wa tatu. Muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa unachimbwa. Mashimo yalishuka ndani ya nyua na chini ya sakafu za vyumba, watu wakalala juu ya mapango waliyoyachimba wenyewe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa, ukuta ukajengwa, na kampuni ikakabidhiwa ununuzi wa jiwe. Kwingineko mjini, katika mtaa wa Cité Gécamines, ni mgodi wenyewe uliopanuka ukafuata nyumba. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti nzima kuhusu watu wanaoondolewa makwao kwa namna hiyo. Mutshatsha mjini, anayechimba choo anapata choo. Hakuna mnunuzi anayekuja kupima udongo wake, wala mhandisi mwenye kofia ya manjano anayesimama uani akitabasamu. Usalama wa namna hii Kolwezi haununuliki kwa dola yoyote.

Sifa ya pili ni reli, nayo inataka maelezo kidogo. Njia ya Tenke hadi Dilolo ilifunguliwa mwaka 1931, ikaungana na reli ya Benguela inayoteremka mpaka bandari ya Lobito, Bahari ya Atlantiki. Vita vya Angola vikaikata mwaka 1975. Ilipofufuka, ilifufuka na wakubwa nyuma yake. Mwishoni mwa Desemba 2023 makinikia ya shaba kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula yalitoka Kolwezi yakafika Lobito kwa siku 8. Desemba 2024 rais wa Marekani wa wakati huo, Joe Biden, alikwenda mwenyewe Angola kuuona huo unaoitwa Ukanda wa Lobito. Mawaziri wanauzungumzia, mabenki yanaupigia hesabu, na ramani zake zinachorwa kwa rangi za kupendeza. Mutshatsha imo ndani ya ramani hizo, kama mlango ulivyomo ndani ya nyumba: kila mtu anaupita na hakuna anayekaa hapo.

Familia iliyohamia itafaidi. Shaba ambayo wenye hisa wa Toronto na Hong Kong huiona kwenye karatasi tu, wanafamilia wataiona ikipita kwa macho yao, bila kiingilio. Mtoto anayejifunza kuhesabu ana mabehewa. Mtoto anayejifunza kupunga mkono ana dereva wa kumpungia, na siku nyingine dereva hujibu.

Abiria ni habari nyingine: shaba ina ratiba, binadamu ana subira. Subira hiyo ikiisha, watu hupanda juu ya mizigo. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika wilaya jirani ya Lubudi, na zaidi ya watu 60 wakafa, watu waliodandia treni ambayo haikuwa na tiketi ya kumuuzia mtu. Hapo hata mwandishi wa sifa huweka kalamu chini kidogo kabla ya kuendelea.

Aendelee na umaarufu, basi, kwa sababu mji umewahi kuupata bila kulipa hata likuta. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga na vijana wao, waliingia kutoka Angola, wakafuata reli, na kabla ya mwezi kwisha wakawa wameishika Mutshatsha. Rais Mobutu akaomba msaada. Ndege za Ufaransa zikaleta askari wapatao 1,500 kutoka Morocco, na mwishoni mwa Aprili mji ukarudi mikononi mwa serikali. Kwa wiki chache, mawaziri wa Paris, Rabat na Washington walihangaika kulitamka jina lenye herufi 10. Kisha wakalisahau wote kwa pamoja. Mji mwingine ungejenga makumbusho na kupandisha kodi. Mutshatsha haikufanya lolote kati ya hayo, na mpangaji wa leo anavuna matunda.

Sasa chakula, na hapa sifa inabidi ikae kitako.

Kolwezi, bukari, yaani ugali, huanzia kwenye mfuko wa unga, na mara nyingi mfuko huo umetoka Zambia, maana ukanda wa shaba umezoea kuchimba kuliko kulima. (Enzi za gavana Moïse Katumbi, makampuni ya madini ya Katanga yaliagizwa kulima hekta 500 za mahindi kila moja. Malori ya unga hayakuisha mpakani Kasumbalesa.) Mutshatsha, bukari huanzia mbali zaidi. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Ukishakomaa unang'olewa, unamenywa, unazamishwa mtoni au kwenye dimbwi siku tatu au nne, mpaka ulainike na harufu yake itangulie kufika nyumbani. Unatolewa, unakamuliwa, unaanikwa juu ya mwamba au bati, huku mtoto mmoja akilinda mbuzi na mwingine akilinda mawingu. Halafu kinu. Mama anarusha mchi juu, anapiga kofi moja hewani, anaudaka, anaushusha. Unga unakwenda kwenye chekeche, chenga zinarudi kinuni, na mchi unapanda tena. Jioni maji yanachemka, mwiko unazunguka, na kazi ya wiki nzima inakuwa bonge la bukari linalokwisha kabla moshi haujatoka jikoni. Gharama kwa faranga: sifuri. Mhasibu yeyote angepiga makofi, naye angepiga moja tu, kama yule mama, kwa sababu hesabu yake haina safu ya kuandika mikono.

Kuharakisha hakuruhusiwi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kuulowesha ndiko kunakoitoa. Ugonjwa wa konzo, ambao madaktari waliuandika mwaka 1938 huko Kwango, hupoozesha miguu ya watu walioishi kwa muhogo uliofupishiwa siku zake majini. Mara nyingi ni watoto na akina mama, na mara nyingi ni mwaka wa njaa. Kolwezi mtu akifupisha njia, adhabu yake ni msongamano na kuchelewa kazini. Huku anayeufupishia muhogo siku zake hulipa kwa miguu.

Kuhusu kitoweo hakuna malalamiko. Sombe, majani ya muhogo, iko nyuma ya nyumba. Mvua zikianza, pori la miombo linatoa uyoga na vinkubala, wale viwavi ambao Kolwezi wanauzwa kwa kikopo na muuzaji anakunja uso ukitaka nyongeza. Huku wanaokotwa. Kinachotakiwa ni kuamka kabla ya jirani, na jirani naye amewaza hivyohivyo.

Makaa pia ni rahisi, kwa maana ile ya kwanza. Miti inakatwa, inapangwa, inafukiwa kwa udongo, inachomwa polepole kwa siku kadhaa, na magunia yanakwenda mjini juu ya baiskeli zinazosukumwa badala ya kupandwa. Ukimwona mtu anasukuma magunia kupandisha mlima, ujue umeona jiko la Kolwezi likitembea.

Baba wetu, aliyefunga magodoro, anaketi kibarazani wiki ya tatu akipiga mahesabu.

“Mama watoto, mwezi huu hatukulipa kodi.”

“Kweli, baba watoto. Ndoo ile pale.”

Naye anachukua ndoo, kwa kuwa maji ni bure na kisima hakimfuati mtu. Njiani anapata muda wa kutafakari kauli ya Rais Tshisekedi, inayopendwa sana kwenye hotuba, kwamba udongo wa juu utalipiza kisasi kwa udongo wa chini, yaani kilimo kitaishinda migodi. Kwa vita vya namna hiyo Mutshatsha ni ngome iliyo tayari: udongo wa juu upo mwingi, jembe lipo, na askari ndiye huyu mwenye ndoo. Si wa kwanza kuandikishwa. Mwaka 2003 kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, baadhi yao waligeukia shamba wakiwa na mikono iliyozoea mashine. Hiari hiyo inafanana na ya baba wetu: hakuna aliyemsukuma, ila kodi.

Watoto wamefaidika vilevile. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma ni bure nchi nzima, na bure ya Mutshatsha ni sawasawa na bure ya Kinshasa, serikali haikubagua. Tofauti inaonekana mtoto anapomaliza, anapotaka fundi wa kompyuta, daktari wa meno au kitabu cha pili. Hapo familia inagundua kwamba kila kitu ambacho Mutshatsha haiuzi kinapatikana Kolwezi, na kwamba kodi haikufa bali imebadili jina, siku hizi inaitwa nauli. Lami ikiisha, mwezi wa Januari, nauli hiyo inalipwa mara mbili: kwanza kwa dereva, kisha kwa kusukuma gari lake.

Haki itendeke, hata hivyo. Kuna programu ya serikali ya kuendeleza wilaya zote 145 za Kongo kwa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, na Mutshatsha ni mojawapo ya hizo 145. Siku barabara ikinyooka, kituo kikakamilika na treni ya abiria ikapata ratiba kama ya shaba, sifa zote za makala haya zitaharibika. Viwanja vitapanda bei. Mwenye nyumba atajifunza kuhesabu kwa dola. Kwa hiyo anayeona umaskini wa mji huu ni aibu afikirie upya kabla ya kuuandikia malalamiko: yeye mwenyewe ndiye atakayekuja kulipa.

Mwenye nia ya kuhama na asingoje siku hiyo. Ahame Agosti, barabara ingali kavu. Abebe chumvi, sabuni, chandarua na jembe zaidi ya moja, na njiani atafute pingili za muhogo za kupanda mvua za kwanza zikinyesha. Muhogo wake ataula mwaka kesho. Huu wa mwaka huu ni wa jirani, na jirani ana kumbukumbu nzuri.