Mahame Yenye Wenyewe

Ukitaka kutengeneza filamu ya majaribio kuhusu mahame, usihangaike kutafuta kisa. Nenda Varosha, mtaa wa ufukweni wa Famagusta, huko Kupro. Wakazi wake, Wakupro wa Kigiriki, walikimbia Agosti 1974 jeshi la Uturuki lilipokaribia, kisha likazungusha seng'enge. Hoteli za ghorofa zimebaki zikiliwa na chumvi. Mandhari ya bure!

Kamera inaelekezwa kwenye pazia lililochanika na kuachwa hapo mpaka mtazamaji aanze kuhesabu matundu. Sauti ni upepo. Ukikosekana, utaongezwa studio. Msimulizi wa nini? Msimulizi angelazimika kutaja nani alimfukuza nani, na kibali cha droni tunakitaka kesho pia.

Kero ni watu. Tangu sehemu ya mtaa ilipofunguliwa Oktoba 2020, watalii wanakatiza na baiskeli za kukodi na kuuharibu ukiwa wote. Mbaya kuliko wote ni yule bibi anayekuja kuchungulia roshani aliyokuwa akianikia nguo, hati ya nyumba iko mkobani. Huyo huombwa kwa adabu kabisa: "Mama, samahani, sogea kidogo, unaingia kwenye picha. Filamu yetu inahusu kutokuwepo."

Azimio namba 550 la Baraza la Usalama, la mwaka 1984, linakataa mtu yeyote asiye mwenyeji kuhamia Varosha. Bahati nzuri, wasanii hawakutajwa.