Turudishieni Ukuta Wetu

Kwa Waheshimiwa Wabunge,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa rangi, Mombasa. Kabla ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, nilikula kwa kupaka maduka rangi za pakiti za sigara. Mwenye duka hatoi senti, kampuni inalipa, mtaa unang'ara. Mkapiga marufuku. Tangu hapo nachora kuku kwenye vibanda vya chipsi, na kuku halipi kama sigara.

Basi naunga mkono wanaotaka matangazo yaachiwe huru, mtu mzima ajiamulie. Wanasema tangazo halimfundishi mtu kuvuta, linamhamisha tu mvutaji kutoka chapa hii kwenda ile. Nimeamini. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha, na bado kampuni zimeridhika kugombania hao hao waliobaki! Hayo mapengo, nadhani, hujijaza yenyewe.

Na tusifichane: sheria yenu imekwisha kulegea bila kuulizwa. Inasema sigara isiuzwe ila kwa pakiti, nayo isipungue sigara 10. Karibuni dukani kwa jirani yangu, mkabala na lango la shule ya msingi. Pakiti imefunguliwa, imekaa juu ya mtungi wa peremende. Kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa uzi, mteja awashe asisumbue mtu. Mtoto aliyetumwa na babake anaondoka na sigara moja mkononi na peremende ya chenji shavuni. Ile picha ya onyo mliyohangaika nayo imebaki dukani, na pakiti.

Halafu vimekuja vifuko vya nikotini, vya kubana ndani ya mdomo kama ugoro, ila vinanukia mnanaa. Moshi hakuna. Mwalimu atanusa nini? Bidhaa ya adabu namna hiyo kuinyima ukuta ni uonevu.

Brashi nimeziloweka, ngazi ninayo. Nina swali moja tu la kifundi. Zamani rangi tulianza kuipaka chini kabisa, kwenye msingi wa duka, na maandishi yakakaa chini ya kaunta. Mkiandika sheria mpya, tafadhali tajeni urefu. Maandishi yawe usawa wa macho ya mtu mzima, nipande ngazi? Ama nipige magoti kama zamani?

Wenu mtiifu,
Fundi wa Rangi