Saa Sita ya Nani?

Sentensi ninayoiogopa kuliko zote kazini ina maneno matatu: "Weka tu saa." Mteja huitamka akiwa ameshanyanyuka kitini, funguo za gari mkononi, kama mtu aliyekwisha kuagiza chai akakumbuka sukari. Malipo, ulinzi wa data, ripoti za mwezi, hayo yote tumeshayavutania hadi bei ikapatikana. Saa haina bei. Saa ni ya kuweka tu.

Naandika programu, hapahapa Dar es Salaam, na watu hudhani kinachotukosesha usingizi ni hesabu ngumu. Hesabu ngumu zilishafanywa na wengine zamani, sisi tunaziazima bila hata kusema asante. Kinachotukosesha usingizi ni tarehe.

Mzee mmoja mwenye mabasi ya mikoani alitaka mfumo wa kukata tiketi kwa simu. Basi lake la kwanza huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta, kwa malezi yake, inaandika 06:00. Abiria aliyekulia kwenye saa za Kiswahili anaiona ile sita, anakunywa chai taratibu, anaaga majirani mmoja mmoja, anafika stendi ya Mbezi jua likiwa utosini. Saa sita si ndiyo hii? Basi wakati huo linaitafuta Gairo.

Mzee akanipigia. "Kijana, andika kumi na mbili basi, mbona unatutesa?"

Nikamwambia, mzee wangu, nikiandika 12:00, wale vijana wanaosoma saa za simu watakuja adhuhuri. Nikiongeza AM, kompyuta yenyewe itaelewa saa sita usiku.

"Kwani hizo kumi na mbili ziko ngapi?"

Swali zuri. Ziko nne: yetu ya asubuhi, yetu ya jioni, yao ya mchana na yao ya usiku. Mzee akanyamaza, nadhani alikuwa anazihesabu vidoleni, kisha akasema anataka ile ya asubuhi.

Tukakubaliana tuandike kwa maneno matupu. Mashine yake ya risiti, yenye karatasi nyembamba, ikatoa: SAA KUMI NA MBILI ASU. Abiria wa kwanza kuisoma akamuuliza konda kama basi linapita hiyo Asu au atashukia njiani. Mzee akanunua mashine ya karatasi pana, na gharama akaikata kwenye malipo yangu.

Sitaki kumsikia mtu akisema kasoro ni saa zetu. Huku karibu na ikweta jua halina maringo. Linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, na saa ya kwanza ya mchana tunaiita saa moja. Waethiopia nao huhesabu hivyohivyo. Tunaitazama saa ya ukutani, mshale uko kwenye saba, tunasoma namba ya ng'ambo yake, moja, na maisha yanaendelea. Mtoto wa darasa la pili anafanya hesabu hiyo huku anafunga kamba za viatu. Mwenye kasoro ni aliyeamua kwamba siku mpya ianze katikati ya usiku, gizani, watu wamelala, hakuna hata shahidi.

Na hapo ndipo yule mzee aliponirudia. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo mwanzo wa siku haukunihusu. Mwaka 2023 Serikali ikaruhusu safari za saa 24. Mzee akafurahi, akaongeza basi la saa tisa usiku. Sasa niambie: saa tisa usiku wa Ijumaa ni lini? Kwa kijana wa Sinza, ni ule usiku wa starehe baada ya kazi ya Ijumaa, unaoendelea hadi kupambazuke. Kwa bibi wa Tanga, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi magharibi. Kompyuta nayo inasema saa tisa usiku ya Ijumaa ni ile inayofuata baada ya Alhamisi kuisha. Yaani mashine iliyobuniwa ughaibuni inaelewana na bibi wa Tanga, na anayelala stendi na mabegi yake ni kijana mwenye simu mbili.

Siku hizi tiketi inaandikwa "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Ni ndefu, lakini karatasi si ni pana.

Zana tunazopewa za kupambana na haya ndizo hizo. JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaoufungua mtandaoni, iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kumi. Kwa haraka ile, mambo ya tarehe yakanakiliwa kutoka Java pamoja na maradhi yake: Januari ni mwezi sifuri, Desemba ni mwezi wa 11, ila siku za mwezi zinaanzia moja kama kwa binadamu wengine. Wenye Java walitangaza mwaka 1997 kwamba sehemu kubwa ya kazi ile isitumike tena. Sisi tumebaki nayo hadi leo.

Halafu kuna jedwali la saa za dunia, ambalo simu na seva nyingi zinalitegemea. Lilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, na kwa muda mrefu sasa linatunzwa na Paul Eggert pamoja na watu wa kujitolea. Nawaheshimu. Lakini hebu itafute Dar es Salaam humo. Jina lipo, ukilifuata linakupeleka Nairobi. Utaratibu wao ni kwamba miji ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 inaweza kuwakilishwa na mmoja, na Nairobi ndiyo iliyopewa uwakilishi. Sasa Nairobi ya ukoloni ilikuwa na vituko vyake: kuna miaka saa zake zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na mingine kwa saa mbili na dakika 45. Babu aliyezaliwa Tabora mwaka 1938 anahesabiwa zile dakika 45 za Wakenya bila kuulizwa. Ugomvi wetu na majirani ni mpira tu, nao wa kirafiki, ila hili la babu naliweka moyoni.

Wanaosogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Ulaya na Marekani huko, sitawazungumzia sana, shinikizo la damu lisije likapanda. New York tunaitangulia kwa saa nane, ikifika Machi zinakuwa saba, na hakuna aliyehama. Kuna waliotia fora zaidi. Machi 2023, serikali ya Lebanoni iliahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache tu. Kanisa la Wamaroni likakataa, wengine wakalifuata, na nchi ile ndogo ikawa na saa mbili kwa wakati mmoja hadi serikali iliporudi nyuma. Wenzetu waandishi wa programu wa Beirut, poleni sana.

Sisi hatusogezi saa. Sisi tuna mwezi. Ofisi moja ilitaka mfumo wa likizo, na afisa utumishi akaniagiza niingize sikukuu zote za mwaka.

"Dada, Idd ni lini?"

"Inategemea kuandama kwa mwezi."

"Mfumo unataka tarehe."

"Kaka, Mufti mwenyewe hana tarehe, wewe na mfumo wako ni nani?"

Nikaeleza kwamba kisanduku cha tarehe kinapokea namba tu, hakina mahali pa kuandika inshallah. Akanishauri niweke siku mbili, moja ikipita patupu watu warudi kazini. Kisha akakumbuka kwamba pale ofisini wapo wanaofuata mwezi wa hapa na wapo wanaofuata mwezi wa Makka, akaniomba nifikirie siku tatu. Mkurugenzi alipoona siku tatu akauliza nani amempa kompyuta mamlaka ya kugawa likizo.

Kuna na chama kimoja cha kuweka na kukopa kilichotaka wanachama watumiwe meseji za siku ya kuzaliwa. Wazo zuri, lina upendo ndani yake. Wanachama wake wengi ni wazee waliozaliwa mwaka wa nzige au masika yale makubwa, na fomu inadai siku na mwezi. Karani, ambaye naye anataka kurudi nyumbani, akiona mzee anafikiri sana humwandikia 1 Januari. Basi Mwaka Mpya ulipoingia, mfumo ukapongeza ukumbi mzima wa wazee kwa mpigo, na mwenyekiti akanipigia kuuliza kama nimeingiliwa na wadukuzi. Nikamwambia hapana, ni siku yao ya kuzaliwa, hata yako imo. Akasema yeye kazaliwa wakati wa mahindi mabichi.

Tarehe hiyohiyo ya 1 Januari ndiyo mwanzo wa dunia kwa kompyuta za ukoo wa Unix, ila kwao ni ya mwaka 1970. Huhesabu sekunde tangu hapo, na ndiyo maana kifaa kilichokufa betri kikiamka hukwambia tuko 1970, kana kwamba Mwalimu bado yuko Ikulu. Mashine zinazohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zitafika mwisho wa namba zao Jumanne, 19 Januari 2038, na sekunde itakayofuata zitaamini ni Desemba 1901. Simu na kompyuta nyingi za sasa zimeshahamia biti 64, kwa hiyo sizihofii. Nahofia zile zilizozikwa ndani ya mageti, lifti na mitambo, ambazo aliyezifunga ameshastaafu na karatasi zake zimeliwa na mchwa.

Itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, kwa saa zetu. Mwenye safari siku hiyo namsihi akate tiketi ya Jumatatu, na aombe aandikiwe kwa mkono.